Kiatu cha Kushoto cha Mgeni Rasmi

RISALA YA WAFANYAKAZI WA HIFADHI YA KISIWANI, ILIYOKUWA ISOMWE JANA ALASIRI, NA INASOMWA LEO ASUBUHI

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Hifadhi;
Bwana Msimamizi wa kisiwa chetu;
Waheshimiwa mliofuatana na mgeni rasmi, mliokuja naye jana, mkaondoka bila yeye, na leo mmerudi kumchukua;
Nahodha wetu, ambaye tunamwomba atoke nyuma ya lile pipa la maji, amekwisha kusamehewa;
Wafanyakazi wenzetu, mabibi na mabwana:

Tunawasalimu nyote.

Makaribisho

Mheshimiwa, hapa tulikuwa tumeandika, "Tunafurahi kukuona umefika salama." Mstari huo tumeukata kwa kalamu, tukaandika juu yake, "Tunafurahi kukuona bado upo."

Ninayesoma ni mtunza kamba wa kisiwa hiki. Wenzangu wamenichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, ingawa shule yenyewe niliishia ya msingi. Sababu nyingine ni kwamba kwa umri wangu huu hakuna wa kunifukuza kazi, labda wa kunisubiri tu. Lakini kila nitakaposema "sisi," ni sisi kweli. Maneno haya tuliyapika pamoja jikoni, kila mmoja akatia chumvi yake, na Bwana Msimamizi akaja kupunguza chumvi. Palipobaki chumvi, ujue hakuonja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni siku yako ya pili. Jembe lilikuwa limekwisha nolewa, Mheshimiwa, lakini boti imekuwahi.

Asubuhi hii nilikuja kukuuliza kama tusome risala ile ile ya jana au tuandike nyingine ya adabu zaidi. Ukasema, "Bibi, someni yote."

Nikasema, "Mwanangu, siku ya jana nayo tumeitia humo."

Ukanywa chai kidogo, ukasema, "Basi na iwemo."

Wote waliokuwapo jikoni walisikia. Nasema hivi mapema ili baadaye Bwana Msimamizi asinikonyeze. Naona ameanza.

Historia fupi ya kisiwa, ambayo si fupi sana

Wakati wenzetu wa kwanza walipoletwa hapa, kisiwa kilikuwa na msitu, lile jiwe kubwa la juu, ndege wengi, na kibao kilichoandikwa "Karibuni." Hapakuwa na aliyekaribia. Tulikuja na mapanga, mafyekeo na sufuria moja. Njia yote mliyopita jana mkasema "jamani, hewa," ilikuwa miiba. Hewa ilikuwapo, ila ilikuwa haifikiki.

Jamaa zetu wa ng'ambo walitucheka. Shemeji yake mpishi alimuuliza, "Yaani mtu apande boti nusu siku, atapike, aje huko kutembea kwa miguu? Kwao hakuna pa kutembea?"

Mpishi akasema, "Ndiyo kazi tuliyopewa, shemeji."

"Na kulala kwenye hema wakati ana kitanda?"

"Ndiyo."

"Na kuangalia ndege?"

"Ndiyo, shemeji."

"Hao ndege wanafanya nini?"

"Wanakaa tu."

Shemeji alishika kichwa. Hata sisi wenyewe, kusema kweli, wakati ule hatukuelewa. Leo tunaelewa. Tumeona watu wanashuka botini mabega yakiwa yamepanda mpaka masikioni, na baada ya kuogelea, kupiga makasia kuzunguka ghuba na kulala usingizi wa hemani, mabega yanashuka yenyewe, hakuna aliyeyagusa. Tumeona mume na mke waliokuja hawasemeshani, kila mmoja na hema lake, wakaondoka wakiturudishia hema moja halijafunguliwa. Hatukuuliza. Tulilianika tu kama kawaida.

Sasa tuje kwenye kamba, maana bila kamba historia hii haina mgongo.

Miaka ya mwanzo boti ilikuwa ikiondoka kwa kupiga kengele na kuhesabu vichwa. Kuhesabu vichwa ni kazi ngumu, Mheshimiwa, kwa sababu vichwa vinatembea. Siku moja ikaja familia kubwa yenye kelele. Jioni vichwa vikahesabiwa, vikatimia, boti ikaondoka. Tulipokwenda kufagia ufukwe wa nyuma tukamkuta mama mmoja mtu mzima ameketi chini ya mwavuli, anasuka ukili, hana habari. Mkwewe alikuwa amemsahau. Mpaka leo tunabishana kama alisahau.

Yule mama alikaa nasi mpaka kesho yake. Wakati tunakula, mmoja wetu akasema, "Lakini mtu anamsahauje mzazi wa mkewe, na begi lake la samaki hakulisahau?" Mwingine akasema, "Begi ni lake." Hapo ndipo akili ilipotuingia. Mtu anaweza kumsahau mkwe, anaweza kumsahau rafiki, hata mtoto tumewahi kuona. Kiatu chake mwenyewe hakisahau, maana atakanyaga nini akifika?

Tangu siku ile, kila anayeteremka kisiwani anavua viatu pale gatini. Tunampa mabuti ya mpira kwa ajili ya matope ya njiani. Kiatu chake cha kulia anakitia begini, cha kushoto kinatundikwa kwenye ile kamba ndefu mnayoiona imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Akirudi kutoka msituni au majini, anachukua kiatu chake. Na sheria ya kisiwa ni moja tu, hata tumbili wanaijua: kambani kukiwa na kiatu, boti haiondoki. Nahodha haangalii watu, anaangalia kamba. Kukiwa na kiatu, tunajua kuna mguu mahali fulani, tunakwenda kuutafuta.

Mafanikio

Mheshimiwa, majigambo ni mabaya, lakini ukiyasoma kwa karatasi yanaitwa mafanikio.

Tangu kamba ifungwe, kisiwa hiki hakijampoteza mtu. Amewahi kupotea njia daktari mmoja akifuata kipepeo; kandambili yake ilibaki kambani peke yake, tukamfuata na taa, tukamkuta amekaa juu ya gogo anajisomea. Alituambia, "Nilijua mtakuja. Kiatu changu mnacho."

Ndege weupe wenye shingo ndefu, waliokuwa wamehama kwa sababu ya kelele, wamerudi kutaga. Mwongozaji wetu, tunayemwita Bwana Ndege kwa kuwa hata akipiga chafya huwa anaangalia juu kwanza, amewafundisha watoto wa shule wanaoletwa hapa kunyamaza. Walimu wao wamekuja kumuuliza dawa anayotumia.

Watoto hao hao wanafika hapa wanaogopa maji kama paka. Wakiondoka, tunawatoa ghubani kwa kuwavuta sikio.

Vyoo vyetu ni visafi. Mheshimiwa, umevitumia, wewe ni shahidi. Hatutaongeza neno.

Na fanikio tunalolipenda kuliko yote ni njia ya mbao inayopanda mpaka kwenye jiwe la juu. Alikuja mgeni mmoja anayetembelea kiti cha magurudumu. Dada zake walitaka abaki gatini awalindie mizigo. Mimi nilikuwa nimesimama na kamba mkononi. Nikamuuliza polepole, "Mwanangu, wewe tukutundikie nini?"

Akanitazama. "Bibi, mimi si nina viatu?"

Akavua cha kushoto akanipa. Basi kiatu kikishatundikwa, mtu huyo ni msafiri, na msafiri lazima aende. Tulimbeba kwa zamu mpaka juu, mpishi akiwa mbele anatukana mawe. Baada ya hapo tukasema, hatutambeba mtu tena kama gunia. Mbao za gati la zamani zilikuwepo zinaoza, tukazichambua nzima nzima, tukajenga njia kwa mikono yetu, siku ambazo boti haiji. Mgeni yule alirudi mwaka uliofuata. Alipanda mwenyewe. Sisi tulikuwa nyuma yake tunahema, na juu akatuambia, "Msijali, mtazoea."

Hayo ndiyo mafanikio. Mengine Bwana Msimamizi ameyapunguza chumvi.

Changamoto

Tulifundishwa kwamba risala isiyo na changamoto mgeni rasmi huidhania ni shairi la sifa. Basi tunazo.

Tumbili wanaiba sabuni. Hawaogi, wanaiba tu.

Redio ya mawasiliano haiongei mpaka ipigwe kofi, na siku nyingine inataka la pili.

Simu zinashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya lile jiwe, ambalo kwa sababu hiyo tunaliita Jiwe la Simu. Hii tulikuwa tumeiandika kama changamoto ndogo. Jana imepanda cheo.

Changamoto ya jana

Waheshimiwa mliokuja na mgeni rasmi, naona mnatazama chini. Msitazame chini. Kosa ni letu, na tunataka mlisikie jinsi lilivyokuwa, maana kila kosa lina mama yake, na mama wa kosa hili ni heshima.

Jana kabla ya boti yenu kufika, Bwana Msimamizi alitupanga mstari pale gatini. Akauliza, "Leo nani atathubutu kumvua Mheshimiwa kiatu?"

Mpishi akasema, "Mtunza kamba atathubutu."

Bwana Msimamizi akasema, "Mtunza kamba hatathubutu."

Nami kweli sikuthubutu. Mheshimiwa, ulipoteremka niliviona viatu vyako vyeusi, vimeng'arishwa mpaka nikaona sura yangu ndani na ushungi umekaa upande. Nikavifikiria vinaning'inia kati ya raba na kandambili, vinachekwa na upepo. Moyo ukakataa. Tukakupa mabuti mapya, na viatu vyako tukavipeleka ofisini kwa Msimamizi, tukavilaza juu ya kitambaa, vyote viwili, kama watoto mapacha. Wenzako wote walitundika. Wewe peke yako hukutundika. Tangu kamba ile ifungwe, hatujawahi kumruka mtu, wala padri, wala jaji, wala mwimbaji aliyekuja na walinzi. Tulikuruka wewe kwa kukupenda.

Yaliyofuata mnayajua vipande vipande, tuwaunganishie.

Meza zilikuwa tayari, kitambaa kimetandikwa, mimi nina risala kifuani. Mheshimiwa ukasema unapanda Jiwe la Simu kupiga simu ya dakika mbili. Bwana Ndege akataka kukusindikiza, ukamwambia, "Kaa, kaa, njia naiona." Na kweli njia ulikuwa unaiona. Upepo ndio hukuuona. Upepo ulikuja mapema kuliko desturi yake, umekunja uso. Nahodha akapiga kengele. Watu wakakimbia, kila mtu akanyakua kiatu chake kambani, wengine wakapanda mbele ya boti, wengine nyuma, na turubai likashushwa katikati kwa ajili ya mawimbi. Walio mbele wakadhani Mheshimiwa yuko nyuma anazungumza na watu wake. Walio nyuma wakadhani yuko mbele, kwa kuwa mkubwa hukaa mbele. Nahodha akaangalia kamba. Kamba nyeupe, haina kitu. Akaondoka. Nani atamlaumu? Alifuata sheria. Kamba haikusema uongo, ni sisi tulioinyima neno.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tulisahau kumngoja.

Tulikuwa pale gatini tumejipanga, vitambaa vya meza mikononi, tunakupungia. Mheshimiwa, tulikupungia kwa moyo wote. Huku tunaumia kwamba risala haijasomwa, lakini tunapunga. Mara sauti nyuma yetu ikauliza, "Mnampungia nani?"

Mpishi wala hakugeuka. Akasema, "Mkurugenzi. Punga na wewe, usisimame kama gogo."

Nawe, Mheshimiwa, ukapunga.

Hilo tutawasimulia wajukuu. Ulisimama nyuma yetu na mabuti yako mapya, ukajipungia mwenyewe mpaka boti ikawa ndogo kama ganda la njugu. Ndipo Bwana Ndege alipogeuka kutazama juu, kama kawaida yake, akaona uso wako njiani. Alipiga ukelele ambao ndege wa miti ya nyuma hawajausahau.

Bwana Msimamizi alikaa chini palepale. Tukaipiga redio kofi, ikataka la pili, tukalitoa. Makao makuu wakaitika.

"Mkurugenzi tunaye hapa kisiwani!"

"Ndiyo, tunajua amekwenda kisiwani."

"Ameachwa na boti!"

"Sawa. Akirudi mwambieni atupigie."

Redio ikazimika. Mpaka boti ilipofika ng'ambo na turubai likafunuliwa, watu wakatazamana, mawimbi yalikuwa yamekwisha kufunga njia. Hakuna nahodha mwenye akili ambaye angerudi.

Basi mgeni wetu rasmi akalala kisiwani. Tunasema mbele ya wenzako, kwa fahari: ulikuwa mgeni mzuri. Ulikaa jikoni ukamenya viazi. Ganda lako ni nene, mpishi anasema kwa maganda yale angelisha nyumba nyingine, lakini hukukata kidole. Soksi zako zilikaushwa juu ya moto na shati la Bwana Ndege likakutosha kila mahali isipokuwa tumboni. Asubuhi ukajitumbukiza ghubani, na tuliokuwa tunachota maji tukakusikia unaimba. Hatukuutambua wimbo. Lakini mabega, Mheshimiwa, tuliyatazama mabega yako. Yalikuwa yameshuka.

Changamoto kubwa

Sasa tunaomba mtusikilize vizuri, maana hapa chumvi imekwisha, pamebaki chakula chenyewe.

Tulitangaziwa kwamba boti hii, iliyo nyuma yenu, kuanzia mwezi ujao itahamishiwa kwenye hifadhi ya bwawa, kule karibu na mji, kwenye wageni wengi. Tukaambiwa pia kwamba neno la mwisho ni lako, na kwamba ziara hii ndiyo ya kulisema.

Bwawa lile tunaliheshimu. Tumefika kule. Mtu akisimama katikati yake maji yanamfika kiunoni, na kila upande anaiona barabara. Ni pazuri kwa anayetaka kurudi nyumbani kabla wali haujapoa. Hatulionei wivu. Lakini bwawa lile lina barabara, Mheshimiwa. Kisiwa hiki barabara yake ni boti. Huwezi kuchukua barabara ya mtu ukampelekea mwenye barabara.

Tuliuliza, je, wageni wetu watafikaje? Tukajibiwa, kisiwa kitafikika kwa mpango maalumu. Tukauliza, mpango maalumu ni nini? Tukajibiwa, ni boti itakayoletwa ikihitajika.

Jana ilihitajika, Mheshimiwa.

Boti ikiondoka, wageni wataondoka nayo. Wageni wakiondoka, vijana wetu watahamishwa, mmoja huku, mmoja kule, na hatuna shaka watafanya kazi vizuri popote, tumewafunza wenyewe. Sisi wakongwe tutapangiwa mapumziko. Miiba haina uvivu. Itarudi njiani kabla hata sisi hatujazoea hayo mapumziko. Na yule mgeni wetu wa kiti cha magurudumu, ambaye kila mwaka huja kutucheka tukihema, ataikuta njia yake ya mbao imeota uyoga. Kama atafika. Kwa mpango maalumu.

Hatulii. Bwana Msimamizi alisema tusilie, na kwa hilo tunakubaliana naye. Watu waliojenga njia kwa mbao za gati la zamani hawalii mbele ya wageni. Tunasema tu jinsi ilivyo.

Maombi

Risala ya jana ilikuwa na maombi mengi: sabuni, betri ya redio, mahema mapya, mabati ya choo. Tumeyakata yote. Sabuni tutagawana na tumbili. Tumebakiza moja, na hata hilo hatukulitunga sisi, tumeliazima kwako.

Jana jioni, ulipofika mwisho wa gati na boti imekwisha kupotea machoni, swali lako la kwanza lilikuwa, "Boti inarudi lini?"

Tukakujibu, "Kesho, upepo ukitulia."

Ulipokuwa unamenya viazi ukauliza tena, kwa sauti ya kama huna haja sana, "Lakini boti, inarudi lini?"

Mpishi akakwambia, "Kesho, baba. Kata vidogo vidogo."

Na ulipopewa hema, ukiwa umekwisha kuingia, ukatoa kichwa nje kama kobe. "Bibi, mna hakika inarudi?"

Nikakwambia, "Inarudi, mwanangu. Lala."

Ukapumua. Tuliokuwa karibu tulikusikia ulivyopumua. Usingizi wako wote, na kuogelea kwako, na wimbo ule tusioutambua, vyote vilikaa juu ya jibu lile moja. Kisiwa kikipata jibu hilo ni mahali pa kupumzikia. Kikilikosa ni mahali pa kutupwa. Miti ni ile ile, ndege ni wale wale.

Mheshimiwa, kuanzia mwezi ujao nasi tutaulizwa swali hilo. Watatuuliza wageni, watatuuliza watoto wetu wa ng'ambo, tutaulizana wenyewe kwa wenyewe hapa gatini. Tunakuomba utuachie cha kujibu. Boti ibaki.

Hitimisho

Mgeni rasmi, ulipoamka leo ulikwenda ofisini ukavitoa viatu vyako kwenye kitambaa. Nikadhani unavivaa. Ukaja mpaka kwenye kamba, kabla ya kumfuata Bwana Ndege msituni, ukatundika cha kushoto kwa mkono wako. Kiatu kile kiko pale mpaka sasa, kinang'aa kati ya nguzo, na si kweli kwamba upepo unakicheka. Kinapendeza. Nahodha hataondoka tena bila wewe, hata turubai liwe jeusi namna gani.

Lakini kama utatazama vizuri, utaona hakiko peke yake. Ile raba iliyotoboka kidole ni ya Bwana Ndege. Kandambili ya bluu ni ya mpishi. Buti lile kubwa lisilo na kamba ni la nahodha, ndiyo maana amejificha, si aibu tu, mguu mmoja hauna kiatu. Kiatu cha kahawia ni cha Bwana Msimamizi. Alikitundika wa mwisho, baada ya kuangalia kama kuna anayemwona. Tulimwona. Na ile ndala kuukuu ya mwisho kabisa ni yangu. Basi ukituona tumesimama mbele yako kila mtu mguu mmoja mtupu, usidhani ni shida ya viatu. Kila mmoja wetu leo ni msafiri ambaye hajarudi.

Sheria ya kisiwa unaijua. Kambani kukiwa na kiatu, boti haiondoki.

Tukimaliza hapa, utakwenda kukichukua chako, kwa sababu una safari, na kuna watu ng'ambo wanaosubiri uwapigie simu. Kichukue kwa amani; leo boti ikuvushe irudi, tunachozuia ni kuhama. Vyetu tunavibakiza palepale mpaka tutakaposikia neno lako, na mvua ikinyesha inyeshe.

Mungu akupe afya, akupe upepo wa nyuma, akutulizie mawimbi mpaka ufike mlangoni kwako. Awape wenzako macho ya kutazama pande zote mbili za turubai. Awabariki ndege walio juu ya mayai yao, awasamehe tumbili, na siku utakaporudi na watoto wako, utukute tungali hapa, tukuvue kiatu bila kuogopa.

Ni sisi, tunaokupenda na tusiokuruka tena,

Wafanyakazi wa Hifadhi ya Kisiwani, Watu wa Kamba